Mguu wa Cherehani

Haya aliniambia mjukuu wangu mpiga drams, mtoto wa binti yangu, asubuhi moja ya mvua aliponiletea mto mpya wa sufi, maana nilikuwa nimelalamika shingo. Alikaa nami jikoni mpaka mvua ikakatika. Shati lake lilining'inia karibu na jiko likikauka, na muda wote aliokuwa akisimulia vidole vyake vilikuwa vinagonga meza, taratibu, kama mvua yenyewe inavyofanya ikitaka kuacha na haiachi. Nami nayaweka kama alivyoyasema.

Mjukuu wangu huyu tunamwita Kijiko. Alipokuwa mdogo alikuwa hali mpaka apige sahani kwanza. Mama yake akamnyang'anya kijiko, akapiga kwa vidole. Akamshika vidole, akapiga kwa miguu chini ya meza. Basi tukachoka, tukamwacha apige, tukala kwa mdundo wake. Sasa ni mtu mzima, kinyozi, ana kiti chake na kioo chake, na mchana akifunga kibanda anakwenda kwenye bendi.

Bendi yao haitungi nyimbo. Wanapiga nyimbo za watu, zile za zamani ambazo kila mtu anazijua nusu, na wanaalikwa kwenye maharusi na kwenye sherehe za kuwaaga wastaafu. Ukiwaambia wanaiga, wananuna. Wako wanne. Kiongozi ni mpiga kinanda, kazi yake fundi umeme, ndiyo maana wanamwita Swichi. Mwimbaji ni muuguzi wa zamu za usiku. Mpiga gitaa ni mlinzi, naye wa usiku. Wa nne ni Kijiko. Kwa sababu ya hizo zamu, wanafanya mazoezi mchana baada ya chakula, saa ambayo watu wenye akili zao wamejinyoosha.

Na sikia wanapofanyia mazoezi: kwenye karakana ya magodoro. Ni ya mjomba wake Muuguzi, na bendi nzima nao wanamwita Mjomba. Ni chumba kirefu, bati lake lina vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga, na pande zote magodoro yamepangwa mpaka juu, mengine bado yako uchi yanangoja kuvalishwa. Sufi zinaelea hewani. Zinapita kwenye mwanga, zinapanda, zinashuka, haziendi popote. Kijiko anasema ukipiga kelele mle ndani sauti inazama kama kidole kwenye unga. Ndiyo maana walipachagua. Majirani hawasikii kitu, na wao wenyewe wanasikia kila kitu, hata Mlinzi anavyovuta pumzi kabla ya kugusa uzi.

Mjomba anakaa kwenye ncha ya chumba, karibu na mlango, anashona maganda ya magodoro kwa cherehani ya kukanyaga. Ni mtu mnene, mpole, na hajui kuimba hata kidogo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anachagua nyimbo.

Ilianza kama mzaha. Wakileta wimbo mpya waliupiga huku Mjomba anashona, nao wakimtazama mguu. Mguu ukiufuata wimbo mpaka mwisho, wimbo umepita. Mguu ukisitasita, au Mjomba akisimama kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi, basi wimbo huo umekufa, wala hakuna wa kuutetea. Muuguzi aliwahi kulia machozi kwa ajili ya wimbo mmoja wa mwanamke anayeongea na mvua.

"Mjomba, jamani, urudie kuusikiliza!"

"Mimi sina neno, mwanangu," Mjomba akasema. "Ni mguu."

Wakacheka, wakauacha. Na nyimbo zilizopita zilikuwa zinakwenda vizuri ajabu. Kijiko anasema kulikuwa na mchana mwingine alikuwa hajui kama anapiga au anaota anapiga. Mikono ilikuwa inajiendea. Cherehani kule inasema, ngoma huku zinajibu, sufi zinapita katikati, na wimbo unakuja kuisha kabla hajakumbuka kuwa alikuwa ameuanza.

Shida ni kwamba huko nje mambo yalikuwa hayawi hivyo.

Waliitwa harusini. Wimbo wa kwanza ukaenda, wa pili ukalegea, wa tatu ukawa unakwenda kama mtu aliyebeba kabati. Wageni walisimama kucheza, wakacheza kidogo, wakatazamana, wakarudi kwenye viti vyao. Shangazi wa bwana harusi alipiga miayo ambayo Kijiko aliiona mpaka jino la mwisho. Halafu Swichi akamgeukia kwa hasira, Kijiko akashtuka, akakimbiza mapigo, na bendi yote ikawa inamfukuza. Muuguzi alifika mwisho wa ubeti anahema kama aliyepanda ngazi.

Wakafunga vyombo. Swichi alikuwa anakunja nyaya, na fundi umeme anapokunja nyaya bila kusema neno, amekasirika sana.

Siku ya mazoezi iliyofuata ndipo alipolitoa la moyoni.

"Kijiko, ndugu yangu, sikiliza. Hapa ndani wewe ni saa ya ukutani. Ukitoka nje unakuwa mlevi. Sielewi, na nimechoka kutoelewa."

"Ni ukumbi ule, unarudisha sauti."

"Na ukumbi wa kabla ya huo?"

Kijiko akaanza kukaza ngoma ambayo tayari imekazwa.

"Kinanda hiki kina mapigo yake ndani," Swichi akasema, akaonyesha kitufe chekundu. "Nabonyeza hapa, drams zinatoka, hazichoki, hazili, hazichelewi. Nimekaa nacho miaka sijawahi kukibonyeza, kwa heshima yako. Sasa kuna mzee na mkewe, watoto wao wanawafanyia sherehe ya miaka ya ndoa yao. Wanakuja hapa wenyewe kuchagua nyimbo. Wakija ukalegea, nabonyeza. Na nikibonyeza, kaka, sitabonyeza tena kuzima."

"Umekuwa mkali kama sindano ya chanjo," Muuguzi akamwambia Swichi. Lakini hakusema kuwa amekosea.

Kijiko aliniambia, Bibi, siku hizo nilikuwa nanyoa watu nasikia kitufe. Nikimsugua mtu kisogo nasikia tu, ta, ta, ta. Alimwacha mteja mmoja na upande mmoja wa ndevu, mteja akalipa na kwenda zake, akarudi anagomba. Usicheke. Huyu mtoto amepiga sahani kabla hajajua kusema "maji". Ukimtoa kwenye ngoma umembakizia nini?

Akaanza kufika karakana mapema kuliko wenzake, anajifungia na ngoma zake. Na kila alipopiga, alipiga vizuri. Hilo ndilo lililokuwa linamtia wazimu. Mjomba yuko pale anashona, yeye anapiga, kila kitu kiko sawa. Angefanya nini na kosa ambalo halitaki kuonekana?

Lilijionyesha lenyewe. Walikuwa wote wanne wanapiga wimbo mmoja wa taratibu, ule wa mwanamume anayesubiri kwenye kituo cha treni. Walikuwa wamefika katikati. Jua limesimama juu ya bati, Mlinzi amefumba macho. Mara pale mlangoni kukasikika paa! Mkanda wa cherehani umekatika. Gurudumu likazunguka bure kidogo, likasimama.

Na wimbo nao ukasimama. Haukusimama kwa heshima. Ulianguka kama mtu aliyeondolewa kiti. Kijiko alipiga pigo moja ambalo halikuwa na mwenzake, akatafuta la pili, halikuwepo. Mikono ikabaki juu.

Wote wakageuza shingo wakamtazama Mjomba, halafu wakamtazama Kijiko, halafu wakamrudia Mjomba. Sufi ziliendelea kuelea.

"Kumbe tuna wapiga drams wawili," Mlinzi akasema polepole, "na mmoja ana sindano."

Muuguzi akacheka mpaka akakaa chini. Swichi hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetafuta waya mbovu nyumba nzima, akaukuta kwa jirani.

"Ndiyo maana," akasema. "Harusini hakukuwa na cherehani."

"Tukiibeba je?" Mlinzi akauliza. "Mjomba tunamvalisha suti, tunamweka nyuma na yale magodoro."

"Na sufi tunazimwaga ukumbini zielee," Muuguzi akadakia.

Kijiko alikuwa anataka ardhi ipasuke. Aliweka vijiti chini, akaenda kukaa kwenye magodoro karibu na mlango, akajifanya anasaidia kutafuta mkanda mwingine. Mjomba alikuwa amepiga magoti anaangalia chini ya meza.

"Mjomba, nisamehe. Nilikuwa nakuegemea bila kujua."

Mjomba akatoa kichwa. Alikuwa na uzi kwenye nyusi.

"Unaniegemea mimi? Wewe mtoto wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakufuata wewe."

"Vipi?"

"Sasa mimi nijue wapi kukanyaga? Nasikia ngoma yako, nakanyaga. Wewe ukienda haraka, namaliza magodoro mengi. Ukienda polepole, nasinzia. Ukiniona baada ya chakula nimepunguza, ni kwamba wewe umepunguza."

"Nimepunguza kwa sababu wewe umepunguza!"

Wakakaa wanatazamana, mmoja juu ya godoro na mwingine chini ya cherehani. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa nyuma ya mwenzake, na mbele hakuna mtu. Kijiko anasema alihisi kizunguzungu, kama alipokuwa mdogo akisimama kati ya vioo viwili kule kwenye kibanda cha kinyozi akajiona anaingia ndani, ndani, mpaka anakuwa mdogo kama mbegu. Na zile nyimbo walizozichagua, ni nani aliyezichagua? Ule wa mvua ulioliliwa na Muuguzi, labda haukuwa mbaya. Labda siku ile Kijiko alikuwa tu na njaa.

Mjomba hakuyajali hayo. "Mradi magodoro yalishonwa," akasema, akarudi chini ya meza.

Wazee wakaja kabla mkanda mwingine haujapatikana. Kwa hiyo siku hiyo cherehani ilikuwa kimya, imefunikwa kitambaa kama ndege kwenye tundu, na Mjomba anajaza mito kwa mkono. Mzee alikuwa dereva wa treni enzi zake, mrefu, goti moja halikunji vizuri. Mkewe alikuwa mfupi, amevaa ndala za ngozi zilizokwisha kisigino. Watu wakawaamkia, wakawakalisha kwenye godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni, na kila wakijisogeza linalia chwachwachwa.

"Samahani, mama," Mjomba akasema, "hilo halijauzwa."

"Ukiendelea kutukalisha litauzika," mama yule akasema. "Lina raha hili."

Swichi hakuuliza mtu, wala hakungoja Kijiko alegee. Alimtazama Kijiko mara moja, kwa huzuni, nadhani, maana si mtu mbaya, akabonyeza kitufe.

Ta, ta, ta, ta. Kijiko alikuwa ameshakaa nyuma ya ngoma zake. Akavilaza vijiti juu ya mapaja. Alibaki kwenye kiti kwa sababu kuinuka kungeonekana.

Mapigo yalikuwa safi. Hilo alilikiri. Safi kama sahani iliyooshwa na kufutwa. Muuguzi akaimba ule wa kituo cha treni, kwa heshima ya mzee, na mzee akafurahi, akamshika mkewe mkono wakasimama kujaribu. Pale kati ya magodoro palikuwa na nafasi ndogo ya watu wawili kugeuka.

Wakaanza. Hatua ya kwanza mzee aliipata. Ya pili goti likachelewa, na alipofika, pigo lilikuwa limeshaondoka. Akaliruka moja akangoja lingine, nalo likampita. Mkewe akamvuta kidogo, akacheka, akakosea yeye pia. Wakasimama.

"Tumezeeka, tusamehe," mzee akasema.

"Wewe ndiye umezeeka, mimi bado," mkewe akasema, halafu akamgeukia Swichi. "Mwanangu, hicho chombo kinakimbilia wapi? Kina mgonjwa?"

"Naweza kukipunguza, mama." Swichi akazungusha kitu. Mapigo yakawa ya taratibu. Wakajaribu tena. Sasa mzee akawa anafika mapema anangoja, goti linatetemeka. Swichi akazungusha tena. Tena. Kila alipozungusha, goti lilikuwa limebadili nia.

"Basi tukae," mzee akasema. "Siku ya sherehe tutakaa tu, watoto wacheze." Alikuwa anatabasamu, lakini alikuwa ameuachia mkono wa mkewe.

Kijiko aliniambia hakufikiri. Alikuwa amezoea kutazama mguu mmoja uliokuwa pale mlangoni, na sasa mlangoni hapakuwa na mguu, macho yake yakatafuta mwingine. Yakaona ndala za mama. Ile ya kulia ilikuwa bado inajipapasa chini, kidogo, kidogo, kama mtu anayejaribu maji kabla hajaingia. Alikuwa hajakubali kukaa.

Akachukua brashi za nyaya badala ya vijiti, akaipapasa ngoma kama ndala inavyopapasa sakafu. Fuu. Fuu. Mama hakugeuka, lakini ndala ikasikia. Ikajibu. Kijiko naye akajibu. Mapigo ya kinanda yalikuwa bado yanakwenda, ta, ta, ta, na ya Kijiko yanapita pembeni yake kama mtu anayempita mwenzake anayeongea peke yake barabarani. Ikawa vurugu. Mlinzi akaacha kupiga, hajui amfuate nani.

"Swichi," Muuguzi akasema, "chagua."

Swichi alimtazama yule mzee, halafu akatazama zile ndala. Akabonyeza kitufe. Kukawa kimya, ila fuu, fuu.

Mama akanyoosha mkono bila kutazama, na mkono wa mzee ulikuwa pale pale. Wakaingia tena. Goti likachelewa, Kijiko akalingoja, akalishika lilipofika. Likachelewa zaidi, akalingoja zaidi. Mlinzi akaelewa, akaanza kuweka sauti ya gitaa pale tu mzee alipokanyaga. Muuguzi akaacha kuimba kwa kupumua kwake akawa anaimba kwa kupumua kwa mama. Wimbo ulikuwa unanyooka na kukunjika kama kitambaa kilichoanikwa, wala haukukatika. Kijiko anasema safari hii alikuwa macho kabisa, hakuota hata kidogo. Lakini kila kitu kingine kilikuwa kinaota. Sufi ziliwazunguka wale wazee kila walipogeuka, zikawakaa kichwani, na ilikuwa vigumu kujua zipi ni sufi na zipi ni mvi.

Walipomaliza mzee akafuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi la sufi.

"Huo," mama akasema. "Na uende hivyo hivyo. Mwingine?"

Wakachagua wimbo mmoja mmoja, wakiucheza kila mmoja hatua chache na kukataa au kukubali. Walipofika ule wa mwanamke anayeongea na mvua Muuguzi akawa na wasiwasi, akamtazama Mjomba. Mjomba akanyanyua mikono yenye sufi.

"Mimi leo sina mguu. Waulizeni wenyewe."

Ukapita. Muuguzi akapiga kigelegele, sauti ikazama kwenye magodoro, lakini furaha yake tuliiona, Kijiko akasema, kama vile nami nilikuwepo.

Wazee wakasema wapumzike kidogo kabla ya kuondoka. Wakajinyoosha kwenye lile godoro la nailoni, chwachwachwa, mzee akamwambia mkewe kitu cha treni, mkewe akamwambia anyamaze, na hapo hapo wakalala, ndala moja imeanguka, nyingine bado iko mguuni.

Muuguzi alikuwa ametoka zamu asubuhi. Akaegemea rundo, akasema anafumba macho tu. Mlinzi alikuwa ameshalala, gitaa lake lilikuwa tumboni, likipanda na kushuka.

Swichi akatoa mfukoni ule utepe wake mweusi wa kufungia nyaya. Akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya kitufe chekundu, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawa.

"Nisije nikakibonyeza kwa bahati mbaya," akasema, bila kumtazama Kijiko. Halafu akaongeza, "Kiti chako kinacheza. Kesho nitakuja na bisibisi." Akaweka kichwa juu ya kinanda. Kiwiko chake kikalala juu ya funguo, ikatoka sauti moja ndefu, nyembamba. Hakuisikia. Kijiko akaenda kwa vidole vya miguu akazima.

Mjomba alikuwa amelala zamani, mto aliokuwa anaujaza ukiwa shavuni, nusu mto, nusu mfuko.

Akabaki Kijiko. Akajilaza kwenye godoro moja ambalo halijavalishwa, akawasikiliza. Mzee alikuwa anavuta pumzi ndefu, mkewe fupi. Mlinzi alikuwa na mluzi. Mjomba alikuwa kama mlango mzito. Hakuna wawili waliokwenda sawa. Akaanza kugonga kwa kidole, taratibu, anatafuta pigo litakalowachukua wote kwa pamoja bila kumwacha mtu nyuma. Alimpata mama, akampoteza Mjomba. Akampata Mjomba na Swichi. Alikuwa karibu, anasema, karibu sana, ilikuwa imebaki pumzi ya mzee tu, akaingoja, akaingoja, na kidole kilikuwa bado juu, hakijashuka, usingizi ulipomchukua.